Kijidudu Kina Alama, Mgonjwa Hana Lawama

(Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wananchi)



Leo nazungumzia kifua kikuu sugu, yaani TB isiyosikia dawa za kawaida. Mtaani, mtu akiugua TB hii husemwa haraka: "Alijitakia, aliacha dawa." Je, ni kweli kila mara?

Tuangalie jiji la New York, Marekani. Mwaka wa 1992 waliandikishwa huko wagonjwa 3,811 wa TB, na baadhi yao walikuwa na TB sugu. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kila mmoja wao aliacha dawa njiani.

Maabara ndiyo iliyofichua ukweli. Kijidudu cha TB kina DNA, na mpangilio wake huweza kusomwa kama alama za vidole. Kati ya mwaka wa 1990 na 1993, wagonjwa 267 wa TB sugu walipatikana na vijidudu vyenye alama zile zile, au zilizokaribiana sana. Lau kila mmoja angekuwa amejiletea usugu wake mwenyewe, alama zingetofautiana. Kumbe waliambukizwa TB ambayo tayari ilikuwa sugu.

Waliambukizwa wapi? Wengi waliofuatiliwa hadi chanzo kikajulikana walikuwa wameupata ugonjwa hospitalini. Hospitali 11 zilihusika. Wengi walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, na miili yao haikuwa na nguvu ya kujikinga.

Jiji likachukua hatua. Wagonjwa wakatengwa katika vyumba vyenye hewa safi, na wengi wakameza dawa mbele ya mhudumu hadi wakamaliza. Idadi ya wagonjwa ikaanza kushuka.

Siku hizi maabara zinaweza kusoma karibu herufi zote za DNA ya kijidudu hicho, takriban milioni 4.4. Herufi hizo hubadilika polepole sana, kwa hivyo wagonjwa wawili wakitofautiana kwa chache tu, huenda wako katika mnyororo mmoja wa maambukizi. Lakini alama peke yake haitoshi kusema nani alimwambukiza nani. Ndiyo maana mhudumu akija kukuuliza unaishi na nani, unafanya kazi wapi na unasali wapi, mjibu bila kuficha. Anatafuta walio hatarini ili wapimwe mapema, hatafuti wa kulaumiwa.

Ndugu zangu, ukikohoa, ukitokwa na jasho usiku au ukikonda bila sababu, nenda kituo cha afya cha umma. Vipimo na matibabu ya TB ni bure. Kipimo cha GeneXpert husoma jeni za kijidudu kwenye makohozi, na mashine huchukua saa mbili hivi kuonyesha kama una TB na kama dawa ya rifampisini itaisikia. Ukianza dawa, maliza, kwa sababu kuacha njiani pia huzaa usugu. Nyumbani, kwenye matatu na hata hapa barazani, tufungue madirisha.

Na jirani akipatikana na TB sugu, tusimnyooshee kidole. Tukimwaibisha, atakayekohoa kesho atajificha, na anayejificha huambukiza wengi.