Kuta za Goma zinasema: tujifunze kuzisoma

Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa vikundi vya amani



Tumeombwa tuseme juu ya maandishi na michoro ya ukutani. Pengine mtu atauliza: katika mji ulioona vita Novemba 2012 na tena Januari 2025, michoro ya ukutani ina faida gani? Tunajibu kwamba ukuta ni gazeti la mtu asiye na gazeti. Haudai pesa wala diploma. Ndiyo maana ugomvi mara nyingi huonekana ukutani kabla ya kufika kwa shefu wa avenyu au mahakamani. Anayetaka kujenga amani aanze kwa kusoma.

Tulitembea kwa miguu toka sanamu ya chukudu mpaka Birere. Mnajua kwamba kuta nyingi za Goma ni za mawe meusi ya volkano, na nyumba nyingi ni za mbao. Jiwe lile lina matundu, halipokei maandishi vizuri. Kwa hiyo watu huandika palipopakwa simenti, kwenye mabati ya lango na kwenye mbao. Mwenye pesa hutumia rangi, mwingine chokaa, mwingine makala ya jiko. Tuliyoyaona tumeyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni matangazo ya kujilinda. Tunalolijua wote ni hili: "Parseli hii haiuzishwi." Mgeni hucheka, anashangaa kwa nini mtu atangaze kitu asichouza. Sisi tunajua sababu. Mara nyingi baba amefariki, na mmoja katika watoto anatafuta mnunuzi kwa siri. Au parseli moja imeuzishwa kwa watu wawili. Hapa Goma kuna jambo la zaidi: tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikaingia katikati ya mji na kufunika nyumba pamoja na alama za mipaka. Watu walijenga tena juu ya mawe, na si kila mpaka ulirudi mahali pake.

Kwa hiyo maneno yale matatu ni kilio cha jamaa. Ukiyaona kwa jirani, usipite tu. Waulize kama wanahitaji mtu wa kuwakalisha pamoja. Wakumbushe mambo mawili. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parseli huthibitishwa na cheti cha uandikishaji. Karatasi ya mauzo peke yake haitoshi. Tena, kwa Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, watoto wa marehemu hugawana fungu lao sawasawa, wasichana kama wavulana. Rangi ya ukutani haimalizi ugomvi, inauchelewesha tu.

Fungu la pili ni michoro ya kazi: vichwa vya kinyozi vyenye mitindo kumi, tairi mlangoni kwa fundi, samaki na fufu kwenye mgahawa. Wengi wanaoichora hawakusoma shule ya sanaa. Tusiwadharau. Kule Lubumbashi, mchoraji wa namna hiyo, Tshibumba Kanda Matulu, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yetu, toka zamani za mababu mpaka ukoloni, uhuru wa 1960 na kifo cha Lumumba. Alizieleza kwa Kiswahili mbele ya mtaalamu Johannes Fabian, na kitabu juu yake kilitoka mwaka 1996. Mchoraji wa mtaani alifanya kazi ya mwalimu wa historia. Kijana anayechora kichwa cha kinyozi leo anaweza kesho kuchora namna jamaa mbili zilivyopatana.

Fungu la tatu ndilo linalotuhangaisha. Kati ya majina ya wapenzi na ya timu za mpira, kuna maneno ya kutukana kabila, au ya kumwambia jirani arudi kwao. Hayo si mchezo. Sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila, hata ukiwa kwa maandishi. Lakini adhabu peke yake haiponyi mtaa. Tunawapa mashauri manne:

1. Usipige picha ya tusi na kuituma kwa simu. Ukutani linasomwa na wapita njia. Kwenye simu linafika kila kambi ya wakimbizi.

2. Usiandike tusi la kujibu. Ukuta wenye matusi mawili ni mbaya kuliko wenye moja.

3. Mwone mwenye ukuta. Mara nyingi si yeye aliyeandika, naye anaogopa kushtakiwa. Kwa ruhusa yake, mbele ya shefu wa avenyu, lifuteni au lipakeni rangi mchana, si usiku.

4. Msiache ukuta mtupu. Waiteni vijana wa pande zote wachore pamoja kitu kinachowahusu wote: chukudu, ziwa, soko. Kuchanga pesa ya kopo moja la rangi ni mwanzo wa mazungumzo.

Tunaongeza onyo. Msikaribie kambi ya askari wala vizuizi vya barabarani kwa ajili ya kuchora au kupiga picha, na msitume watoto. Hakuna mchoro unaolingana na maisha ya mtu.

Wiki hii, kila kikundi kitembee avenyu moja tu, kiandike katika daftari yaliyoko ukutani, na kichague moja la kushughulikia. Tutakapokutana tena tutasikiliza daftari hizo.