Bastola ya Kulinda Nyumba

Leo tunazungumza na wewe unayefikiria kununua bastola ili kulinda familia.

Safari inaanzia polisi, si dukani. Hapa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu raia kumiliki silaha bila leseni.

Ukikubaliwa, usichague kwa sura. Bastola ndogo na nyepesi hubebeka kirahisi, lakini hurusha mkono zaidi kuliko nzito yenye risasi za aina ileile. Ishike: je, kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kuhangaika? Rivolva kwa kawaida hubeba risasi 5 au 6, na ni rahisi kuitumia. Ya magazini hubeba zaidi, ila inadai mazoezi. Kumbuka pia kwamba risasi ya milimita 9 hupenya mlango wa mbao, na huenda nyuma yake amelala mtoto.

Hapa ndipo wengi huponzwa: ukitoa magazini, risasi moja yaweza kubaki ndani ya chemba. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kikae mbali na kifyatulio. Toa magazini, vuta slaidi nyuma, kisha chungulia chemba na uipapase.

Silaha ifungiwe kwenye sanduku la chuma, risasi zikae kando, ufunguo ubaki kwa mwenye leseni. Chini ya mto si mahali pake.

Hata hivyo, komeo imara na taa ya nje vitangulie. Ukisikia wezi, jifungieni ndani na mpigie polisi kwa 112.