Kanisa Dogo la Burghclere

Zikitajwa picha za vita, wengi huwaza mizinga na bendera. Lakini sisi twataka kuwaeleza habari za kanisa dogo la Burghclere, kusini mwa Uingereza, ambalo Stanley Spencer alilipamba kwa picha hata mwaka 1932.

Katika vita ya 1914–1918 alikuwa mtumishi wa wagonjwa, kwanza mjini Bristol, kisha katika milima ya Makedonia, nchi ile aliyoitiwa Mtume Paulo. Huko majeruhi walilazwa juu ya machela zilizokokotwa na nyumbu. Mwaka 1919 aliwachora nyumbu hao wamefika penye kituo cha waganga: masikio yamesimama, nao wautazama mwanga ambamo mgonjwa apasuliwa.

Burghclere hamna mapigano. Mtu asugua sakafu, kifudifudi. Wengine watandika vitanda. Wagonjwa wanywa chai. Sisi tuliokesha wodini twazijua kazi hizo, wala hatukudhani kwamba zingewekwa katika ukuta wa kanisa. Tena yule afisa ambaye kanisa lilijengwa kwa ukumbusho wake, Henry Willoughby Sandham, hakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi aliyoyapata Makedonia.

Nyuma ya madhabahu askari wafufuka, na misalaba yao meupe imerundikana. Nyumbu nao wamo, waamka pamoja na watu. Kristo ameketi mbali, mdogo, asiyeonekana upesi, apokea misalaba kama mtunza ghala apokeavyo vifaa vinavyorudishwa.