Upanga, Ukabila na Mapenzi: Tamthilia ya Kung Fu Inapowaangusha Watazamaji Wake

Mhadhara wa umma, Membley, Ruiru

Tamthilia ya kung fu inayosimulia uhasama wa makabila, na ndani yake mapenzi yanayovuka mpaka wa makabila hayo, shina lake ni riwaya za magazetini za Hong Kong. Aliyeitia nguvu kuliko wote ni Jin Yong, jina la kalamu la Louis Cha, aliyezaliwa Haining katika mkoa wa Zhejiang mwaka wa 1924 na kufariki Hong Kong mnamo Oktoba 2018. Riwaya yake ya kwanza, Shujian Enchou Lu, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa Kitabu na Upanga, ilianza kutoka gazetini kipande kwa kipande mwaka wa 1955. Tangu 1976 imegeuzwa tamthilia ya televisheni mara kadhaa, Hong Kong na China bara. Ina kila kitu ambacho mtazamaji angekitaka: dola iliyotekwa, ndugu wawili waliotenganishwa, mabinti wawili wa kabila la tatu, farasi, jangwa na panga. Hata hivyo, ikifika kwenye skrini huwaacha watazamaji na njaa, na sababu za njaa hiyo zinamhusu mtazamaji wa Kenya kuliko anavyoweza kudhani.

Sanaa hii ilifika Ruiru kwa hatua. Zilitangulia filamu za Bruce Lee, aliyefariki Julai 1973, kisha kanda za VHS na mabanda ya video yenye viti vya mbao, mahali ambapo vijana wa vizazi viwili walijifunza kutofautisha teke zuri na teke la kubabaisha. Baadaye DJ Afro akaanza kusimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili na Sheng, na sauti yake ikawa maarufu kuliko majina ya waigizaji wenyewe. Mwaka wa 2012 kampuni ya Kichina ya StarTimes ilianza kuuza ving'amuzi nchini Kenya, na mwaka wa 2015 mitambo ya analogi ikazimwa. Desemba mwaka huo huo, kwenye mkutano wa China na Afrika uliofanyika Johannesburg, China iliahidi kufikisha televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika. Tamthilia ya Kichina haikuwa tena jambo la bandani. Ikaingia sebuleni.

Sebule hizo, hasa za mitaa kama Membley iliyo kando ya Barabara Kuu ya Thika, zina historia inayozifanya zifae kwa mada hii. Ruiru ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa ya walowezi. Kwa sensa ya 2019, mji huo ulikuwa na watu 490,120, wa nne kwa ukubwa nchini, na wengi wao walifika kutoka kaunti nyingine, wakanunua ploti au kupanga nyumba palipokuwa na mibuni. Mkikuyu, Mluo, Mkamba, Mkisii na Mluhya wanatumia geti moja na kisima kimoja. Watu wa namna hii hawahitaji kufundishwa kwamba kabila ni jambo zito. Wanachohitaji kutoka kwa tamthilia ni ukweli kuhusu uzito huo.

Kitabu na Upanga inaanza na Qurani. Kabila la Waislamu wa magharibi ya mbali, ambalo mwandishi aliliita Wahui na ambalo kwa makao na desturi linafanana zaidi na Wauighur, limeporwa msahafu wake mtukufu, na wapiganaji wake wanapanda farasi kuufuata. Njiani wanakutana na Chama cha Ua Jekundu, jumuiya ya siri ya Wahan, kabila kubwa la China, walioapa kuung'oa utawala wa Wamanchu, walioitawala China kuanzia 1644 hadi 1912. Kiongozi wa chama, Chen Jialuo, anasaidia kuurudisha msahafu, na Huo Qingtong, binti wa chifu na jemadari wa vita wa kabila lake, anamtunuku jambia. Kisha siri inafichuka: Kaizari Qianlong, kichwa cha Wamanchu wote, ni ndugu wa damu wa Chen, mtoto wa Kihan aliyebadilishwa akiwa mchanga. Wanahistoria hawaikubali hekaya hiyo. Ni masimulizi ya Haining, mji aliozaliwa Jin Yong, na mwandishi aliyasikia tangu utotoni.

Swali lililomo ndani ya hekaya hiyo ni kubwa. Ikiwa kaizari ni Mhan kwa damu na Mmanchu kwa malezi, basi ni nani? Na wale walioapa kuung'oa utawala wa Wamanchu, wamfanyeje yeye? Tamthilia ya kwanza, iliyotengenezwa na kituo cha TVB mwaka wa 1976, ililijibu swali hilo kwa uamuzi wa kijasiri wa uigizaji: Adam Cheng alipewa kucheza Chen na Qianlong wote wawili, na mhusika wa tatu juu yao. Uso mmoja ukavaa kofia ya mwasi na vazi la mfalme. Kwa tendo hilo moja watayarishaji walisema kile ambacho kurasa nyingi za hoja zisingekisema vizuri zaidi: kinachowatenganisha watu hawa wawili ni nani aliyewalea na nani aliyewavisha.

Hapo ndipo tamthilia ilipopaswa kuendelea, na hapo ndipo mapenzi yanapoiteka. Chen anampenda Huo Qingtong, lakini anamwona akizoeana na kijana mmoja, asijue kwamba kijana huyo ni msichana aliyejigeuza mwanamume. Kwa kiburi na woga anajitenga naye, kisha moyo wake unahamia kwa mdogo wa Huo Qingtong, Kasili, anayejulikana kama Bintimfalme wa Manukato. Qianlong naye anamtamani Kasili. Kaizari anaahidi kuuvunja utawala wa Wamanchu ikiwa atapewa msichana, na Chen, kwa jina la taifa lake, anamshawishi mpenzi wake akubali. Kaizari anavunja ahadi. Kasili anagundua hila hiyo na hana njia ya kumwonya Chen isipokuwa kwa kifo chake mwenyewe ndani ya msikiti.

Katika riwaya, tendo la Chen ni hukumu dhidi yake. Shujaa wa kabila kubwa amelipa deni la kabila lake kwa mwili wa binti wa kabila dogo, na deni halikulipika. Kwenye televisheni hukumu hiyo hulegezwa na muziki na machozi ya polepole, mpaka mtazamaji anaombwa amhurumie aliyemtoa msichana kuliko msichana aliyetolewa. Huu ndio udhaifu mkubwa wa tamthilia hizi, na haufai kupuuzwa kama jambo la ladha tu. Ugomvi wa nani anaimiliki nchi umegeuzwa kuwa ugomvi wa nani atampata binti. Huo Qingtong, ambaye kwa akili yake jeshi la Wamanchu linashindwa jangwani, anabaki dada mkubwa mwenye wivu na huzuni. Katika toleo la 1976 nafasi hiyo ilichezwa na Liza Wang, mwigizaji mwenye uwezo wa kubeba tamthilia nzima mabegani, lakini hadithi yenyewe haimpi jemadari huyo pa kwenda baada ya kushinda vita.

Historia yenyewe ina mengi zaidi. Kati ya 1755 na 1759 majeshi ya Qianlong yaliteka eneo linaloitwa leo Xinjiang. Mwaka wa 1760 mwanamke Mwislamu kutoka huko, aliyezaliwa 1734, aliingia katika kasri la Beijing na baadaye kupewa cheo cha Rong Fei. Hakujiua. Aliishi kasrini hadi 1788, na jeneza lake lilikuwa na maandishi ya Kiarabu. Huyu ndiye aliyezaa hekaya ya Bintimfalme wa Manukato. Mwanamke wa taifa lililoshindwa, anayeishi miaka 28 katika nyumba ya mshindi, akila chakula chake na kusali sala zake, ni mhusika mwenye kina kuliko msichana anayekufa kwa uzuri. Maisha yake yanadai mazungumzo, ukimya na subira, mambo ambayo tamthilia ya mapigano hudhani itawachosha watazamaji.

Mapigano nayo yana lake. Katika kazi nzuri ya aina hii, pigano ni mazungumzo: wawili wanaoanza kama maadui wanamaliza wakifahamiana, au rafiki anagundua kwamba mbinu ya mwenzake ni ile iliyomuua mwalimu wake. Kitu kinabadilika kati yao. Katika kazi dhaifu, kamba zinawarusha waigizaji juu ya miti, vumbi linatimka, na kila mtu anarudi kuwa alivyokuwa. Tamthilia ya vipindi arobaini inayolazimika kuweka pigano katika kila kipindi humaliza haraka mapigano yenye maana na kubaki na ya kujaza muda. Mtazamaji aliyelelewa na mabanda ya Githurai na Thika huliona hilo kabla ya mhakiki yeyote.

Zipo sababu za nje ya mwandishi pia. China inatambua rasmi mataifa 56 ndani ya mipaka yake, na umoja wao ni msingi wa sera ya dola. Tamthilia hukaguliwa kabla ya kurushwa hewani. Mtayarishaji anayesimulia vita vya Wahan, Wamanchu na Waislamu wa magharibi anatembea mahali penye miiba, na njia salama kwake ni kuyafanya makabila kuwa mavazi ya kupendeza na kuuweka mzigo wote juu ya mioyo ya wapenzi.

Kwamba jambo hili linaweza kufanywa vizuri, Jin Yong mwenyewe alithibitisha katika Tianlong Babu, iliyoanza kutoka mwaka wa 1963, na ambayo matoleo yake ya televisheni ya 1997, ya TVB, na ya 2003, ya China bara, yanastahili sifa. Qiao Feng ni kiongozi wa Chama cha Ombaomba, mtetezi wa Wahan dhidi ya Wakhitan wa kaskazini. Siku moja, mbele ya wafuasi wake, anaambiwa kwamba yeye ni mtoto wa Kikhitan. Hakuna kilichobadilika mwilini mwake wala katika matendo yake, lakini muda si mrefu waliokunywa naye wanashika panga dhidi yake. Mkenya aliyeishi ghasia za baada ya uchaguzi, siku za mwisho za Desemba 2007 na majuma ya mwanzo ya 2008, hahitaji maelezo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walihamishwa makwao, wengi wakifukuzwa na watu waliowajua kwa majina. Tamthilia ya Qiao Feng inaonyesha kwamba kabila ni kitu ambacho wengine humtendea mtu. Mapenzi yamo, na ni ya kuumiza, kwani Qiao Feng anamuua mpenzi wake Azhu kwa mkono wake bila kujua kwamba ni yeye, lakini hayatumiki kuuponya uhasama. Mwishoni shujaa anamlazimisha mfalme wa Wakhitan kuapa kwamba hataivamia nchi ya Wahan, kisha anajiua, kwa kuwa hana tena taifa la kurudi. Watazamaji waliozoea kwamba staringi hafi waliukubali mwisho huo kwa sababu ulikuwa umetayarishwa tangu kipindi cha mwanzo.

Televisheni ya Kenya nayo imeligusa jeraha hilo. Mwaka wa 2009 Citizen TV ilirusha The Team, tamthilia iliyotengenezwa kwa ushirikiano na shirika la Search for Common Ground, juu ya timu ya kandanda yenye wachezaji wa makabila mbalimbali baada ya ghasia za uchaguzi. Kuchagua kandanda lilikuwa wazo la busara: pasi haiulizi jina la ukoo, na mchezaji anayemnyima mwenzake mpira kwa ajili ya kabila anaadhibiwa na matokeo. Wazo hilo lilichukuliwa katika nchi nyingine zenye migogoro. Tamthilia za namna hii hubeba hatari ya kuhubiri, lakini hazikimbii chanzo: ardhi, kazi, kura na woga vinatajwa kwa majina yake. Huo ndio ujasiri ambao tamthilia za panga za aina ya Kitabu na Upanga huukosa, japo zina fedha nyingi zaidi.

Limebaki suala la sauti. Mwaka wa 2011 TBC ya Tanzania ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mnamo Machi 2013. Ilifana kwa sababu ugomvi wa mama mkwe na mkaza mwana hauhitaji mkalimani. Tamthilia ya makabila ni ngumu zaidi. Sauti za Kiswahili zinapoingizwa, Mhan, Mmanchu na Mwislamu wa jangwani huelekea kuzungumza lafudhi moja safi, na mpaka ambao hadithi nzima imejengwa juu yake hausikiki tena. Macho nayo hayasaidii. Kipara cha mbele na msuko wa nyuma, ambao Wamanchu waliwalazimisha Wahan kuuvaa kuanzia 1645, wakikatwa vichwa waliokataa, kwa mtazamaji wa Ruiru ni mtindo wa nywele wa Kichina tu. Hajui kwamba kila kichwa anachokiona ni alama ya kushindwa, na kwamba mwasi anayeapa dhidi ya Wamanchu anaapa huku ameubeba msuko wao.

Msimulizi wa mabandani hulitatua tatizo hilo kwa njia yake, akimpa kila mhusika jina la mtaani na kila kundi tabia inayojulikana. Anapoteza historia, lakini hadhira yake inajua nani anamchukia nani. Watafsiri wa studio wana nafasi ya kufanya zaidi ya hapo bila kuipoteza historia. Kiswahili kina lahaja na lafudhi za kutosha, kutoka Lamu hadi Lubumbashi, kuwapa watu wa jangwani sauti yao, watawala yao na waasi yao, na sentensi moja katika kipindi cha kwanza inatosha kueleza msuko. Kazi hiyo inahitaji mtafsiri anayeisoma riwaya kabla ya kuitazama tamthilia, na anayelipwa kwa muda huo wa kusoma.