Hesi Mbovu ni Hasara ya Chama

Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Kipili



Leo sikuja kuwasomea mizania wala kuhesabu fedha za kasha. Nimekuja kuzungumza juu ya kitu kinachotosha kiganjani, lakini kinachoweza kuila akiba ya chama: dai la kukatia hesi. Msitishike kwa neno hilo. Hili si dai la deni. Ni kipande cha chuma kigumu chenye meno ndani, kinachochonga hesi juu ya ufito wa chuma ili uwe bolti. Mwenzake ni tapu, ambayo huchonga hesi ndani ya tundu.

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha wavuvi kilinunua seti ya madai na tapu kwa bei iliyokuwa chini kuliko zote. Stakabadhi ilikuwepo, muhtasari wa kamati ulikuwepo, nami nikatia sahihi kwamba manunuzi ni safi. Fundi akakata bolti nne za kufungia injini ya mashua. Usiku mmoja wa kiangazi, upepo wa kusini ulipovuma ziwani, hesi zikanyofoka, injini ikang'oka mahali pake, na wavuvi watano wakachukuliwa na mawimbi hadi alfajiri. Walirudi salama, lakini nyavu zilipotea, na mkopo wa nyavu hizo ukabaki vitabuni. Nilikagua karatasi, sikukagua chuma.

Wahunzi wa Ufipa wa zamani hawakukiamini chuma upesi namna hiyo. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu yaitwayo malungu, kisha wakakisafisha tena katika matanuru madogo, vintengwe, ndipo wakafua jembe.

Basi, dai jema hutambuliwaje? Kwanza, someni maandishi yake. M10 x 1.5 maana yake ni bolti ya upana wa milimita 10, na kutoka hesi moja hadi nyingine ni milimita 1.5. Herufi HSS huonyesha chuma cha kukatia kinachostahimili joto la kazi. Lakini herufi yeyote aweza kuzigonga, hivyo zisiwe ushahidi wa pekee. Pili, yatazameni meno juani: yawe makali, yenye kulingana, bila mapengo wala kutu. Tatu, pitisheni tupa ubavuni mwake, si kwenye meno. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila kwa urahisi, ni laini. Nne, lijaribuni kabla ya kulipa, kwa kukata hesi kwenye ufito wa chuma cha kawaida. Dai jema hutoa vipande vilivyojikunja na kuacha hesi laini. Baya huchana chuma. Kisha nati nzuri ya kipimo hicho izunguke kwa vidole, bila kukwama wala kuyumba.

Hata dai jema huharibiwa na haraka. Ufito ubanwe wima katika jiliwa, na ncha yake ipunguzwe kwa tupa. Ufito wa M10 uwe pungufu kidogo ya milimita 10. Dai lianze likiwa limekaa sawa, litiwe mafuta, lizungushwe nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili kuvunja vipande vinavyoziba meno. Kwa tapu ya M10, tundu litobolewe kwa milimita 8.5, yaani 10 kutoa 1.5. Tundu dogo mno huvunja tapu. Kubwa mno huacha hesi zisizoshika.

Msichanganye vipimo. Mashine nyingi za zamani kutoka Uingereza zina hesi za inchi za Whitworth, zilizotolewa mwaka 1841, zenye pembe ya nyuzi 55. Hesi za milimita zina pembe ya nyuzi 60. Nati ya aina moja ikilazimishwa juu ya bolti ya aina nyingine huingia mizunguko michache, kisha huharibu zote mbili.

Ndugu Makatibu, nawaomba mambo matatu. Hati ya kuagizia iandikwe kipimo na aina ya chuma, si "seti moja" tu. Mjumbe wa kamati pamoja na fundi washuhudie jaribio kabla ya malipo, na matokeo yaandikwe katika daftari la mali. Na bolti zinazobeba roho za watu zinunuliwe za kiwandani, zenye alama ya nguvu kama 8.8, ufito wa kawaida haufikii nguvu hiyo hata ukikatwa na fundi bingwa.

Baada ya kazi, vifaa vifutwe na kupakwa mafuta. Meli ya Liemba, ambayo sote twaijua hapa, ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916 baada ya mashine zake kupakwa grisi nyingi. Ilipoopolewa mwaka 1924 mashine hizo zilikuwa bado zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ikiwa grisi ilihifadhi mashine ndani ya maji kwa miaka kadhaa, itashindwaje kuhifadhi dai ndani ya kabati la chama?

Rahisi ni ghali, ndugu zangu. Tangu usiku ule sitii sahihi kabla ya kuiona nati ikizunguka. Nanyi msitie.