Askari Mtoto wa Dar es Salaam



Sisi tukaao Mbezi Beach, tukienda mjini kwa njia ya Bagamoyo, hupita kando ya makaburi ya askari yaliyo upande wa Kinondoni. Mawe yake yamepangwa safu safu kama watu waliosimama gwaride. Makaburi hayo hayakuwapo hapo tangu zamani. Mwaka wa 1968, barabara mpya ilipotaka kupita mahali pa makaburi ya Ocean Road, maiti wapatao 660 wa Vita Kuu ya Kwanza walihamishwa wakaletwa huku. Waliokuwa na alama za majina yao walipewa kila mtu jiwe lake. Bali Waafrika, Wakristo na Waislamu na wengineo, hawakuwa wametiwa alama mmoja mmoja. Basi wakazikwa pamoja, na kuta zikajengwa ziwe ukumbusho wao wote.

Siku moja tulikwenda huko pamoja na wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu. Kijana mmoja akasimama mbele ya ukuta ule, akauliza, "Mwalimu, waliomo humu ni akina nani?" Hatukuweza kumtajia hata jina moja. Lakini njiani tulipokuwa tukirudi tukamsimulia habari za askari mwingine, mzaliwa wa mji huu huu, ambaye jina lake na siku ya kufa kwake vyajulikana, ingawa hakufa katika nchi yetu. Habari hizo ndizo tutakazo kuwaeleza leo.

Jina lake alilopewa na wazazi wake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, wakati nchi ilipokuwa mikononi mwa Wadachi, ambao leo twawaita Wajerumani. Baba yake alikuwa askari wao, naye alipanda hata akapata cheo cha efendi, ambacho kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyoweza kufikia mtu mweusi katika jeshi lile. Jeshi lenyewe lilianzishwa na Wissmann mwaka wa 1889, aliyekwenda Misri akaajiri Wasudani waliokuwa wamezoea bunduki. Na kwa sababu hiyo maneno kama ombasha, shaushi na efendi yalisikika katika kambi za pwani yetu. Watoto wa askari walikua humo humo kambini. Waliamka kwa tarumbeta, wakacheza gwaride kwa vijiti, na wengi wao walifundishwa kusoma na kuandika mapema kuliko watoto wa shambani.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi. Msidhani tumekosea hesabu. Miaka kumi ni umri wa mtoto tunayemtuma dukani, tukahofu akikawia. Mtoto huyo alimfuata baba yake vitani, akawekwa pamoja na wanafunzi wa ishara, yaani wale waliofundishwa kupeleka habari kutoka kilima hata kilima. Wadachi walikuwa wachache, Wazungu wao wapata 3,000 na askari weusi zaidi ya 11,000 walipokuwa wengi kabisa, nao iliwawia vigumu sana kupata msaada kutoka kwao, maana njia ya bahari ilifungwa na Waingereza. Kwa hiyo kila aliyejua kazi alitumiwa, mkubwa kwa mdogo.

Dar es Salaam ilitekwa na Waingereza tarehe 4 Septemba 1916. Jeshi la Wadachi likarudi nyuma kuelekea kusini, likipigana na kukimbia, likila mihogo na mtama wa watu wa vijiji walivyopita. Hapa hatuna budi kusema neno juu ya watu hao wa vijiji, na juu ya wapagazi. Vitabu husifu werevu wa majemadari. Lakini chakula kilichowashibisha askari kilitoka katika ghala ya mtu fulani, na mtu yule alibaki na njaa. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa, kwa hesabu iliyoandikwa, hawapungui 90,000, wengi wao kwa maradhi na uchovu, wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo, tunalolitaja kila siku twendapo sokoni, latokana na jeshi lao la wachukuzi.

Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi mawili yakakutana Mahiwa, kusini magharibi ya Lindi. Walipigana siku nne, tangu tarehe 15 hata 18, na upande wa Waingereza walikuwamo askari wengi wa kutoka Nigeria. Hivyo Waafrika waliuana na Waafrika katika vichaka vya Lindi kwa ugomvi ulioanza Ulaya. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Wadachi walipoteza wachache kuliko hao, lakini hawakuwa na wengine wa kuwaweka mahali pao. Mahjub akajeruhiwa huko, akashikwa na Waingereza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Baada ya vita alikwenda baharini, akawa mtumishi katika meli za Wadachi zilizokuja pwani yetu, na mwaka wa 1929 akafika Berlin. Alikwenda kudai. Alitaka alipwe mshahara wake wa vita na mshahara wa baba yake, ambao haukulipwa. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imewalipa askari wengine malimbikizo yao miaka michache kabla ya hapo. Lakini huyu aliambiwa kwamba amechelewa. Basi akakaa Berlin, akafanya kazi ya kuhudumia wageni mezani katika nyumba kubwa ya starehe iitwayo Haus Vaterland, na mwaka wa 1933 akaoa mwanamke wa Kizungu. Huko aliitwa Bayume Mohamed Husen.

Mwezi ule ule wa Januari 1933 Hitler alishika serikali. Mwaka uliofuata Mahjub aliomba nishani waliyopewa watu waliopigana vitani mstari wa mbele. Akakataliwa, nishani ile, waliona wakubwa, haikuwa ya watu weusi. Hapo akafanya jambo ambalo wanafunzi wetu walilicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Alinunua nishani dukani, akanunua na mavazi ya askari, akavaa. Akasimama hivyo katika mikutano ya wale waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni yake, nao walifurahi kumwonyesha kwa watu kuwa ndiye askari mwaminifu.

Kijana yule aliyeuliza swali makaburini alisema, "Basi alikuwa mpumbavu." Hatukukubaliana naye, wala hatukumpa jibu jepesi. Mtoto wa miaka kumi hachagui bendera. Tena mtu aliyejeruhiwa kwa ajili ya jambo fulani si rahisi akiri kwamba jambo lile halikumjali. Na pengine alijua sana, lakini katika mji ule mavazi yale yalikuwa ngao yake ya pekee. Tena alikuwa na mke na watoto wa kulisha. Lakini hatuwezi kuficha kwamba mikutano ile ilitaka nchi yetu ichukuliwe mara ya pili, naye alisimama mbele yake akitabasamu. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na kila tunapoyafikiri hutuuma.

Iko kazi yake nyingine inayotugusa sisi walimu. Alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha cha Berlin, akiwa msaidizi wa Profesa Diedrich Westermann, mtaalamu mkubwa wa lugha za Afrika. Profesa alikuwa na jina. Mahjub alikuwa na ulimi. Wanafunzi walitaka kusikia neno jinsi linavyotamkwa na mwenyewe, naye akatamka, kwa ujira mdogo. Pamoja na hayo aliigiza katika sinema, si moja wala mbili, kwa kawaida akiwa mtumishi au askari mweusi anayesimama nyuma ya bwana. Katika sinema iliyotolewa mwaka wa 1941 juu ya Carl Peters, yule yule aliyewahadaa machifu kwa hati za mikataba bara ya pwani yetu, Mahjub aliigiza mkalimani wake.

Vita vya pili vilipoanza mwaka wa 1939, alijitolea kuwa askari. Hawakumtaka. Mwaka wa 1941 polisi wa siri walimkamata, kwa sababu alikuwa na urafiki na mwanamke wa Kizungu. Hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, ambamo watu wa mataifa mengi walifanyishwa kazi ngumu, wakipigwa na kushindishwa njaa. Aliishi humo miaka mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, mwenye umri wa miaka arobaini.

Katikati ya mji wetu imesimama sanamu ya shaba ya askari, iliyowekwa na Waingereza mwaka wa 1927 mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann. Inawakumbuka askari na wapagazi Waafrika, na bunduki yake imeelekea bandarini. Wanafunzi walitaka kujua kama Mahjub naye amo. Tukawaambia kwamba waliosimamisha sanamu ile walikuwa adui zake vitani. Wengine wakasema kwamba sanamu haina uso wa mtu fulani, basi na awemo.

Jina lake tukalitafuta mahali pengine. Huko Berlin, katika mtaa wa Brunnenstraße, limo jiwe dogo lililofunikwa kwa bamba la shaba, upana wake sentimita kumi kwa kumi, limezikwa sawasawa na njia ya waendao kwa miguu. Liliwekwa mwaka wa 2007, mbele ya nyumba namba 193. Mtu akitaka kulisoma, sharti ainame.