Kipofu wa Langoni

Neno letu la leo latoka Marko 10, mstari wa 46 hadi wa 52: habari za Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia huko Yeriko.

Sisi wa Voi twajua kupitwa ni nini. Malori ya Mombasa na Nairobi hupita mchana na usiku, na abiria wengi hutuona dirishani tu. Labda ndiyo sababu twaupenda mno wimbo ule wa Tenzi za Rohoni wa kumsihi Mwokozi asitupite. Hata watoto huuimba bila kitabu.

Aliyeutunga, mwaka 1868, ni Fanny Crosby, mshairi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1820. Alipokuwa na majuma sita macho yake yaliuma. Mtu mmoja aliyejidai daktari akayatia dawa ya moto, na mtoto akawa kipofu. Baba yake akafa kabla mtoto hajatimiza mwaka. Bibi yake akamfundisha Biblia, hata akazijua Injili zote nne kwa moyo. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1844, na hadi kufa kwake mwaka 1915 alikuwa ametunga nyimbo zaidi ya 8,000. Alizitunga kichwani, kisha akamtamkia mwandishi. Na yule wa dawa hakumchukia. (Sisi hununa mwaka mzima kwa ajili ya mbuzi wa jirani aliyekula mahindi yetu.)

Husimuliwa kwamba wimbo huo ulianzia gerezani: alikuwa akisema na wafungwa, mmoja wao akamlilia Bwana asimpite.

Bartimayo naye alilia, akakemewa anyamaze. Nao waliomkemea hawakuwa wapagani, bali watu waliofuatana na Yesu.

Jumapili moja tuliuimba wimbo huo, tukatoka tukiamkiana. Langoni, chini ya mwarobaini, mzee kipofu alikuwa bado anaimba ubeti wa mwisho, peke yake. Miaka mingi tulikuwa tukimpa senti zetu na kupita. Hakuna hata mmoja wetu, wala mchungaji, aliyejua jina lake.

Yesu alisimama, akaagiza kipofu aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Nasi siku ile tuliketi chini karibu na yule mzee, tukamwuliza. Hakutaka fedha. Alitaka mtu wa kumshika mkono amwingize ndani, akae karibu na wanakwaya.

Na tuombe.